Rilizi ya klachi kwenye Land Rover 110: beringi mpya, foki ya zamani

Jumapili, alasiri

Giaboksi ya Land Rover 110 haishuki kwa hiari yake. R380, ndiyo giaboksi yenyewe, ikiwa imeungana na transfa ya LT230 inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inapita kilo 100, na kabla haijatoka lazima uvue sakafu ya mbele, kifuniko cha katikati, mikono ya gia, shafti za propela zote mbili na ule mhimili wa chesisi uliofungwa kwa bolti nne kila upande. Nati za propela ni za inchi, spana 9/16, wakati karibu kila kitu kinachozizunguka ni cha milimita. Waingereza hawakuona haja ya kumaliza walichokianza. Mhimili nao, kwenye gari lililozeeka, hautoki kwa nyundo peke yake. Chesisi imeukumbatia, kwa hiyo unalaza jeki kati ya reli mbili na kuzitanua kidogo tu ili upite.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya beringi inayoenea kiganjani: rilizi, ile inayosukuma vidole vya klachi unapokanyaga pedali. Ndiyo maana nashangaa nikisikia mtu anauliza bei ya rilizi tu, kama vile rilizi ndiyo kazi. Kwenye gari hizi, zile ambazo Tanzania tunaziita difenda hata zisipokuwa za polisi, ninaandika hasa juu ya zenye injini ya dizeli ya 300Tdi zilizoanza kutoka mwaka 1994. Namba ya spea ya rilizi yake ni FTC5200. Kinachoamua kama giaboksi itashushwa tena kabla ya wakati si beringi hiyo, ni vile vitu vinavyoishikilia.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni yeye. Washa injini, gia iwe huru, mguu nje ya pedali. Ukikanyaga klachi na mlio ukaanza, rilizi ina kesi ya kujibu. Mlio ukiwepo mguu ukiwa nje, kisha ukapotea unapokanyaga, tazama beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Ukibadilisha rilizi hapo umetupa hela na mlio utabaki palepale. Kuna mlio wa tatu, wa kukwaruza, unaotokea klachi ikiwa imekanyagwa hadi chini na gia ya kwanza au rivasi ikikataa kuingia vizuri. Huo mara nyingi ni bushi ya shaba iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini: ikilika au kukauka, inaendelea kuiburuza shafti hata klachi ikiwa imeachia.

Mlio mwingine ni kama wa bawaba ya mlango, unasikika pedali ikienda taratibu. Hiyo ni foki, mkono wa bati unaoisukuma rilizi, inayosuguana bila grisi na kichwa cha mhimili wake, kijiti kifupi kinachoibeba ndani ya nyumba ya klachi. Usiudharau, kwa sababu ndio unaotangulia hasara kubwa.

Foki ya klachi hapa ni ya bati nene lililopigwa umbo, namba yake FTC2957. Upande mmoja ina kikombe kinachokaa juu ya kichwa cha mviringo cha mhimili, upande wa pili inasukumwa na fimbo ya silinda ya chini, na rilizi iko katikati. Kila ukikanyaga, kikombe kinasukumwa dhidi ya kile kichwa kwa nguvu. Grisi ikiisha, chuma kinakula chuma, bati linakonda, na siku moja kichwa kinatoboa na kutokea upande wa pili. Dalili zake zinawadanganya watu: pedali inashuka, gia haziingii, lakini chupa ya mafuta ya klachi imejaa na hakuna kinachovuja. Fundi anabadilisha silinda ya juu, halafu ya chini, anatoa upepo, hakuna kilichobadilika. Chungulia silinda ya chini mtu akikanyaga. Fimbo ikitembea mwendo wake wote na gia bado zinakataa, shida iko ndani ya nyumba ya klachi, na uwezekano mkubwa ni foki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ukishusha giaboksi, foki inabadilishwa hata kama inaonekana nzima. Hata hiyo mpya inafaa iongezewe nguvu: kipande kidogo cha chuma kinachomelewa nyuma ya kikombe, upande usiogusa mhimili. Choma kwa vituo vifupi, acha ipoe yenyewe, usiitumbukize kwenye maji. Usichomee ndani ya kikombe, hata tone. Sehemu hiyo inatakiwa iwe laini kama ilivyotoka kiwandani, vinginevyo unatengeneza msumeno. Zipo foki zinazouzwa zikiwa zimeshaongezewa. Ni nzuri, ila geuza uangalie kama kichomeo hakikupenya upande wa pili.

Kabla ya kugusa rilizi, futa vumbi lote kwenye nyumba ya klachi kwa kitambaa chenye unyevu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa, maana pleti za klachi za zamani zilikuwa na asbesto na huna njia ya kujua iliyomo iliwekwa lini. Tazama pia mafuta. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu lenye plagi ya kuzuia maji gari linapovuka mto. Plagi ikiachwa humo wakati wote, mafuta yanayovuja hayapati pa kutokea na yanaishia kwenye pleti. Mafuta meusi yanatoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Yakiwa mekundu, na giaboksi inatumia yale ya ATF, yanatoka kwenye sili ya mbele ya R380. Sili iliyovuja inabadilishwa sasa hivi, rilizi ikiwa bado mezani.

Sasa bomba ambalo rilizi inateleza juu yake, lile linalozunguka shafti ya giaboksi. Lipitishie kidole. Likiwa na mfereji au ngazi pale rilizi ya zamani ilipozoea kusimama, rilizi mpya itakwama hapohapo, na dereva atasema klachi ni nzito au inarudi kwa kuruka. Kutu nyepesi inaondoka kwa msasa laini. Ngazi unayoihisi kwa ukucha haisuguliwi, bomba linabadilishwa.

Beringi yenyewe haioshwi. Nalisema kwa sababu gereji nyingi kila kitu kinapitia kwenye ndoo ya petroli au mafuta ya taa. Rilizi hii imefungwa na grisi yake ni ya maisha. Petroli ikiingia inaiyeyusha, na beringi mpya inaanza kulia mapema bila mtu kuelewa sababu. Itoe kwenye boksi mikono ikiwa safi, izungushe huku ukiisukuma kidogo: izunguke bila kukwaruza na bila kulegalega. Isipigwe nyundo. Ikianguka sakafuni kwa uso wake, nunua nyingine. Ufa kwenye njia ya gololi hauonekani kwa macho.

Grisi ya kuweka ni kidogo kuliko mkono unavyotaka. Tumia grisi inayovumilia joto, yenye molibdenamu ukiipata. Ndani ya kikombe cha foki na kwenye kichwa cha mhimili weka ya kutosha kujaza nafasi, hapo usibane. Mahali rilizi inapogusana na foki, paka utando. Kwenye bomba, utando unaoonekana tu kwa kung'aa. Kwenye meno ya shafti paka, sukuma pleti mbele na nyuma, itoe, kisha futa yote iliyosukumwa pembeni. Grisi inayobaki hapo inarushwa kwenye pleti mara tu injini inapowashwa, na klachi mpya inaanza kutetemeka kwenye kuondoka.

Foki inaingia kwanza kwenye mhimili, klipu yake ya chuma inabana. Klipu iliyolegea au iliyonyooshwa kwa koleo haifai. Kisha rilizi inateleza kwenye bomba, uso unaozunguka ukielekea injini, na inafungwa kwenye foki kwa klipu yake ya waya. Isogeze mbele na nyuma kwa mkono kupitia foki. Iende bila kuinama. Halafu funga foki kwa waya wa plastiki ule wa kubania nyaya, ukipitisha mwisho wake kwenye tundu la silinda ya chini, ili isichomoke kwenye mhimili wakati giaboksi inasogezwa. Waya huo utaukata baadaye kupitia tundu hilohilo. Foki ikianguka ndani huku giaboksi imeshabana, unaanza upya na mhimili wa chesisi.

Upande wa injini nitapita haraka. Bushi ya flaiwili mpya, 8566L, iloweke kwenye mafuta ya injini kabla ya kuipiga mahali pake. Pleti ina maandishi yanayoonyesha upande wa flaiwili, yasome. Panga pleti katikati kwa shafti ya zamani au kijiti kilichochongwa, kisha bana bolti sita za kifuniko cha klachi kwa mzunguko wa msalaba, nusu duru kwa nusu duru, hadi Nm 34. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine unakipinda kifuniko, na vidole vya springi havitakuwa sawa tena. Rilizi itakuwa inasukuma upande mmoja kila siku.

Kuunganisha giaboksi ndiko kunakoua kazi nzuri. Tengeneza bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, zifunge kwenye injini kama njia, giaboksi iteleze juu yake ikiwa imebebwa na jeki au chenibloku muda wote. Usiiache hata dakika moja ining'inie kwa shafti ndani ya pleti, kitovu cha pleti kinapinda. Ingiza gia ya nne, transfa iwe kwenye hai, yaani gia ya juu, zungusha flanji ya nyuma kwa mkono hadi meno yakubaliane. Nafasi ya mwisho ifungike kwa kusukuma. Ikibaki milimita kumi na haitaki, usiivute kwa bolti. Kitu kimekaa vibaya, ama meno, ama rilizi imeinama, ama foki imetoka. Rudisha nyuma utazame. Kuvuta kwa bolti ndiko kunakopasua sikio la nyumba ya aluminiamu.

Silinda ya chini inafungwa kwa bolti mbili, na kabla ya kuzikaza thibitisha fimbo imekaa kwenye kikombe cha foki cha upande wa silinda na kishikizo chake cha plastiki ni kizima. Kishikizo kikivunjika fimbo inasimama pembeni ya kikombe, inaanza kula bati la foki mpya. Weka mafuta ya breki ya DOT 4 tu. Mafuta ya injini yanavimbisha raba za silinda. Toa upepo hadi yatoke bila povu.

Pedali wengi hawaipimi. Kutoka sakafuni, zulia likiwa limeondolewa, hadi ukingo wa chini wa pedali iwe 140 mm, na pedali iwe na mchezo wa kama 6 mm kabla ya kuanza kusukuma. Bila mchezo huo, mafuta yakipata joto hayarudi kwenye chupa, klachi inabaki imekanyagwa kidogo, pleti inateleza na rilizi inasukumwa masaa yote. Vivyo hivyo kwa dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali. Hakuna rilizi itakayomvumilia.

Kabla ya kurudisha sakafu, washa injini, kanyaga, subiri kidogo, ingiza rivasi. Iingie kimya. Plagi ya nyumba ya flaiwili ifungwe kwa waya mahali unapoiona, na irudishwe tundu lake siku ya kuvuka maji tu.