Saluni, tutajieni bei kamili kabla hatujakaa kwenye kiti

Jamani, jana nimeumia. Saluni moja hapa Sinza niliambiwa kusuka twisti ni 35,000. Nikakubali, rasta (nywele bandia za kusukia) nilikuja nazo mwenyewe. Tulipomaliza hesabu ikawa 57,000: kufumua za zamani 5,000, kuosha na kublodrai 7,000, halafu 10,000 eti kwa sababu nywele zangu ni nzito na nimetaka zifike kiunoni. Hakuna hata moja niliyotajiwa kabla.

Dada aliyenisuka simlaumu. Kasimama saa nyingi, kazi yake safi kabisa, anastahili kila shilingi. Lakini nywele si zilionekana na kushikwa kabla hajaanza? Uzito wake ulijulikana tangu asubuhi! Ukishasukwa huwezi kufumua ili ukatae kulipa. Utalipa tu, na wenye saluni wanalijua hilo.

Naomba wabandike bei ukutani, pamoja na za kufumua, kuosha na kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto. Na wewe mwenzangu, kabla hujaguswa kichwa uliza: "Dada, mpaka natoka hapa nalipa shilingi ngapi?" Akishataja, mwombe akuandikie WhatsApp.