Kabla ya Kubadili Meneja wa Madirisha, Pima Mashine

Kompyuta nzito ni kama homa: mwenye nayo anajua anaumwa, anachoumwa hakijui. Huenda RAM imejaa, huenda diski imechoka, huenda prosesa inajipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Kwa nje zote zinafanana. Kishale kinaganda, dirisha linachelewa kufunguka, feni inalia. Meneja mwepesi wa madirisha, yaani programu ya Linux inayopanga madirisha kwenye skrini, anatibu tatizo la kwanza tu, tena si lote, na inaniuma kuona mtu anabadili mfumo mzima wakati shida yake ilikuwa vumbi.

Nafikiria hasa laptopu za Core 2 Duo, prosesa iliyoingia sokoni 2006, ambazo bado zinachapa barua kwenye steshenari za Mtwara mjini na kuandaa orodha za wakulima Newala na Tandahimba msimu wa korosho. Nyingi zina RAM ya GB 2. Hizi ni mashine za biti 64, kwa hiyo ziwekee Debian (aina mojawapo ya Linux) ya amd64, yaani ya biti 64, bila kuogopa umri wake, amri ya `lscpu` itakuthibitishia. Vilaptopu vya Atom N270 ndivyo vya biti 32 pekee. Debian 13 haina tena kisakinishi chake kwa prosesa hizo, na hapo antiX ya biti 32, Linux nyingine nyepesi, inafaa zaidi.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Andika `vmstat 1` kwenye terminali, na kila sekunde utatoka mstari mpya. Wa kwanza uache, ni wastani tangu mashine iwashwe. Fungua kazi zako za kila siku huku ukiangalia safu za `si` na `so`. Zikitoa namba mfululizo badala ya sifuri, RAM imekwisha na mashine inahamishia kumbukumbu kwenye diski na kuirudisha. Zikibaki sifuri huku safu ya `wa` ikipanda hadi 30, 40 na kuendelea, diski ndiyo inayosubiriwa. Sakinisha smartmontools, inayosoma afya ya diski, kisha `sudo smartctl -A /dev/sda`. Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri, nakili mafaili leo hii, mengine yafuate. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda peke yake, anza na waya na viunganishi, maana diski yenyewe huenda ni nzima.

Na `free -h` isomwe vizuri. Watu wanashtuka safu ya `free` ikiwa ndogo, kumbe Linux hutumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yaliyokwisha kusomwa, na huiachia ikihitajika. Safu ya kutazama ni `available`.

Joto ndilo linalosahaulika, na pwani yetu ina joto la kutosha. Kuanzia Novemba hadi Machi, chini ya bati lisilo na dari, mashine inavuta hewa ambayo tayari ni moto. Vumbi likikutana na unyevunyevu wa bahari hugandamana kuwa utando mzito kati ya feni na mapezi ya kupozea, na hewa haipiti. Weka lm-sensors, endesha `sudo sensors-detect` ukikubali majibu yanayopendekezwa, kisha tazama `sensors` mashine ikiwa kazini. Nyuzi 50 au 60 hazina neno. Zikikaribia 100, prosesa hujipunguzia kasi isiungue, na `sudo dmesg | grep -i throttled` inaweza kukuonyesha ilipofanya hivyo. Fungua, ondoa utando kwa brashi laini, zuia panga za feni kwa kidole unapopuliza, futa pasta ya joto iliyokauka, weka tone dogo jipya. Hakuna meneja wa madirisha anayeweza kufanya kazi hiyo.

Ikishajulikana kwamba RAM ndiyo tatizo, ningechagua IceWM. Openbox ni mzuri, ingawa toleo lake la mwisho, 3.6.1, ni la 2015. Ila hana mwambaa wa kazi, kwa hiyo utaongeza tint2, kisha Conky ya kupimia, kisha programu ya picha ya nyuma. IceWM ana mwambaa, menyu na grafu za prosesa, RAM na mtandao ndani yake. Kwenye faili `~/.icewm/preferences` andika `TaskBarShowCPUStatus=1`, `TaskBarShowMEMStatus=1` na `CPUStatusShowAcpiTemp=1`; huo wa mwisho huonyesha joto ukiweka kishale juu ya grafu. Toka, ingia tena.

Desktopu ya zamani usiifute. Ikiwa haijawashwa inachukua nafasi ya diski, si RAM. Kama ni GNOME, kinachopaswa kubadilika ni GDM, programu yake ya kuingilia, kwa sababu hata ukurasa huo wa nenosiri huendesha gnome-shell, desktopu yenyewe ya GNOME. Weka LightDM, programu ya kuingilia iliyo nyepesi, na uchague IceWM hapo hapo kabla ya kuandika nenosiri.

Watu wengi hukata tamaa siku ya kwanza: alama ya mtandao haipo, onyo la betri halipo. Desktopu kamili ilikuwa inaviwasha kimyakimya. Sasa viandike mwenyewe kwenye `~/.icewm/startup`: `nm-applet &`, halafu `cbatticon -l 20 -r 10 -c "systemctl poweroff" &`. Mstari huu wa pili usiuache, kwa jinsi umeme unavyokatika. Betri ikifika asilimia 10 mashine inajizima kwa utaratibu badala ya kufa katikati ya kuandika. Alama ya `&` ikikosekana, mistari inayofuata inasubiri. Faili lisipopewa ruhusa kwa `chmod +x`, halisomwi kabisa, wala hutaona ujumbe wa kosa.

Kipimo nacho kinakula. Conky yenye `update_interval = 1` na hati zinazoitwa kwa `exec` huanzisha programu mpya kila sekunde; weka 5. Kwa uchunguzi wa mara moja htop inatosha: F6 upange kwa kumbukumbu, F5 uone mti wa programu.

Na karibu kila mara juu ya orodha hiyo atakaa kivinjari. Kuhama kutoka GNOME kwenda IceWM kunaweza kuokoa mamia ya MB. Kurasa chache zilizofunguliwa Firefox zinazimeza zote. Fungua `about:processes` uone ukurasa upi unakula, na `about:unloads` utoe kurasa kwenye kumbukumbu bila kuzifunga, kwa mpangilio unaochaguliwa na Firefox yenyewe. Kisha sakinisha zram-tools, weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50` kwenye `/etc/default/zramswap`, na uiwashe upya kwa `sudo systemctl restart zramswap`. Sehemu ya kumbukumbu itabanwa ndani ya RAM yenyewe kabla ya kukimbilia diski. Rudia `vmstat 1`: safari hii `si` na `so` zinaweza kuonyesha namba bila mashine kuganda, kwa kuwa zram nayo huhesabiwa humo, kwa hiyo tazama `wa` pia.