Msikate waridi likinyauka

Jamani hili limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Hapa kwetu Entebbe waridi zimejaa mbele ya mageti, lakini muulize mtu kama amewahi kuona tunda la waridi, atakuuliza tunda gani tena? Ni kwa sababu ua likinyauka tu tunakata. Mama yangu ndo alinifundisha hivyo, alisema mti ukiachiwa matunda unapunguza maua, na ni kweli unapunguza.

Mwaka huu nikauacha mmoja wa kwenye fensi, ule wa maua mepesi ya petali tano, maana yale yaliyojaa petali nyingi mara nyingi hayazai, yamefungana nyuki hapati njia. Kama miezi mitatu hivi nikaona vijitunda vya rangi ya chungwa, baadaye vikawa vyekundu kabisa, na kila kimoja kina kishungi kikavu pale mwisho kama cha epo. Na ni ndugu kweli, waridi na epo ni ukoo mmoja, ukila epo la Kabale liangalie vizuri chini utaona.

Shore waliniwahi wakala ya juu yote. Sikuwafukuza, ndege ndo wanaobeba mbegu.

Sasa jikoni tafadhali sikilizeni hapa. Ndani ya tunda kuna mbegu na vinywele vidogo sana vinavyowasha, mara ya kwanza sikuvitoa vizuri na mtoto wangu akakohoa jioni nzima koo linamwasha, niliumia sana. Kwa hiyo kata katikati, komba ndani na kijiko cha chai, osha, halafu chemsha, lakini sio kwenye hizi sufuria zetu za alumini maana tunda lina uchachu, tumia ya stili. Chuja na kitambaa safi mara mbili, ndo uweke sukari. Waingereza kwenye vita vya pili vya dunia walipokosa machungwa waliwatuma mpaka watoto wa shule kuchuma matunda ya waridi vichakani ikapikwa sirapu ya watoto wadogo, sababu yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ila moto mwingi unaiua hiyo vitamini, usiache ichemke saa nzima. Na sisi tuna mapera, hatuna shida ya vitamini C, mimi napenda tu ile ladha, chachu kidogo halafu kama epo kwa mbali.

Usitegemee rangi ile ya chai ya pakiti. Wekundu ule mkali mara nyingi ni karkade, yaani rosela, wamechanganya, ile ile watu wa Arua wanaijua, tunda lenyewe linatoa maji ya rangi ya chungwa tu.

Na usile tunda la waridi lililopigwa dawa, hata petali zake. Mashamba ya maua huku kando ya ziwa yanapiga dawa, yale ni ya kuuza nje sio ya kula, na tena yanakatwa yakiwa bado yamefumba.

Mbegu nilizokomba sikutupa. Nasikia zinataka baridi kwanza ndo ziote, na baridi Entebbe tutaitoa wapi, nimezifunga kwenye kitambaa chenye maji nikaweka kwenye friji karibu na maziwa. Hii ni wiki ya sita, kila asubuhi nafungua kuangalia.