Wanacheka "habali", "atakuja" inawapita

Mtu wa Magu au Misungwi, wilaya za mkoa wa Mwanza, akisema "habali za asubuhi" ofisini mjini, hakosi wa kumwiga kwa kicheko, na huenda akahesabiwa hajasoma. Meseji ya "dereva atakuja saa kumi", iliyokusudiwa kuwa "hatakuja", haimchekeshi yeyote. Magunia ya dagaa yanatolewa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, yanapangwa nje, jioni yanarudishwa ndani. Salamu ile kila mtu aliielewa. Meseji imewafanya makuli walipwe mara mbili, na bado hakuna anayesema ni kosa la sarufi.

Tazama H ya "hatakuja" inavyobeba mzigo peke yake. Kwingine ukanushi una alama mbili. Alifika, hakufika: li imegeuka ku. Amefika, hajafika: me imekuwa ja. Anauza, hauzi: na imetoka, irabu ya mwisho imekuwa i. Hata H isiposikika, alama ya pili inaokoa maana. Wakati ujao hauna msaada huo, ta inabaki ta. Watafika na hawatafika zinapishana kwa silabi nzima, lakini kwa "yeye" na "wewe" kila kitu kinaning'inia kwenye H: atafika, hatafika, utalipwa, hutalipwa. Anayeidondosha, au anayeichomeka pasipotakiwa, amepindua habari yote. Kwa meseji ya kazi, andika "haji leo", au ongeza neno la kukazia: "hatakuja kabisa".

Kuchanganya R na L, kama katika "habali", kuna sababu yake. Kisukuma kina L, R si sauti yake ya asili. Ukielekea mkoa wa Mara, Kikurya kina R na ndiyo inayovamia mahali pa L. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928, kwa hiyo sikio la Pwani ndilo lililofanywa kipimo. Hilo halimfanyi wa Ziwani kuwa mjinga. Jozi za kufanyia mazoezi kwa sauti ni chache: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Ya mwisho izingatie hasa, maana Usukumani mahari ni ng'ombe wa kuhesabiwa. Na kicheko kinazaa kosa jipya: mwenye hofu ya L anaanza kuandika "tafadhari" na "rugha", maneno ambayo hapo awali hakuyakosea.

"Masaa" napo wakosoaji wana haraka mno. Sanifu ni saa, umoja na wingi. Lakini mtu akiulizia meli ya Nansio, Ukerewe, na kuambiwa "Nansio ni saa tatu", hajui kama ni muda wa kuondoka au urefu wa safari, na huenda ndiyo sababu watu wakaongeza ma. Ukitaka usanifu bila utata, sema "safari ya saa tatu" na "inaondoka saa tatu".

Samaki, hata akiwa amekaangwa, hufuata upatanisho wa viumbe hai: sato huyu, sangara wale, dagaa hawa. Sokoni "samaki hii bei gani?" haimzuii mtu kununua, iache ipite. Kwenye tangazo au barua, irekebishe. Tahadhari tu usivuke mpaka: majina mengi ya undugu na urafiki yana kimilikishi chake, rafiki yangu, dada yangu, ndugu zangu. "Dada wangu" ni kosa la anayejitahidi kupita kiasi, ingawa "dada huyu" ni sahihi.

Kosa lililoenea sana kwenye simu ni kukata kitenzi: "nita kutumia", "haja fika", "ana subiri". Jiulize kama kipande cha kwanza kikisimama peke yake kinabaki na maana ile ile. "Haja" na "ana" zikisimama zina maana nyingine. "Nita" haisimami, basi yote ni neno moja: ni-ta-ku-tumia, nitakutumia. Kipimo hicho ni cha vitenzi tu: kwa sababu, kwa hiyo na bila shaka huandikwa mbalimbali.

Na ng'ombe. Wasukuma hutamka ng' vizuri kabisa, imejaa katika lugha yao, kisha kidole kinaruka alama na kuandika "ngombe", ambayo husomeka kwa sauti ya ngoma. Kwenye simu nyingi alama hiyo imejificha kwenye ukurasa wa namba. Iguse kabla ya kuandika o.