Betri ilipokwisha kabla ya hukumu

Jumamosi iliyopita tulikuwa sita sebuleni kwa rafiki yetu kule Ruiru, sote watoto wa shule moja ya msingi karibu na Njoro. Stima ikapotea mwendo wa saa mbili usiku, chai ikiwa bado mekoni. Mwenye nyumba akaleta mshumaa. Mmoja wetu, ambaye siku hizi ni fundi wa matrekta, akainuka, akasimama nyuma ya kiti cha meza ya chakula, akashika egemeo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Hakusema neno, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huyo ni Otoyo, mshtakiwa wa Vioja Mahakamani mwenye lafudhi ya Kijaluo, yuko kizimbani.

Habari za bei ya unga ziliishia hapo.

Kwa asiyelelewa Kenya: Vioja Mahakamani ni kipindi cha vichekesho kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya, kabla kituo hicho hakijarudia jina la KBC mwaka 1989. Kila kipindi kina kesi yake. Kuna kizimba, hakimu, kiongozi wa mashtaka, mashahidi, na mshtakiwa ambaye kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujifunga. Sisi tulikifuata mwanzoni mwa miaka ya 90. Kituo kingine, KTN, kilikuwa kimefunguliwa Nairobi mwaka 1990, lakini kwetu ilikuwa ni KBC au ulale.

Televisheni ilikuwa moja mtaa mzima, ya rangi nyeusi na nyeupe, kwao yule fundi wa matrekta. Ilitumia betri ya gari, na betri ilipelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha kusaga mahindi siku ya soko. Mama yake alikuwa na sheria: taarifa ya habari ni ya baba, Vioja ni ya watoto, hakuna kingine. Tulikaa kwenye gunia sakafuni, miguu michafu tumeificha chini ya sketi.

Jambo ambalo kila mmoja wetu alilikumbuka, bila kuambizana, ni picha ilivyokuwa ikisinyaa. Betri ikianza kuchoka, weusi uliingia kutoka pembeni, kushoto na kulia, taratibu. Kwanza wanapotea watu waliokaa benchi za mahakama. Kisha kiongozi wa mashtaka anabaki nusu. Usiku mmoja Ondiek, mshtakiwa mwingine wa Vioja, alikuwa kizimbani, ushahidi umekwisha kutolewa, na picha imekuwa upana wa kiganja. Mtu akazima taa ya chemni, kana kwamba ingeisaidia betri. Hakimu akaanza kusoma hukumu. Picha ikafa. Sauti ikabaki sekunde chache, ikafifia nayo ikaenda. Tulikaa gizani tukingoja, hakuna aliyeinuka. Mpaka leo hatujui kama alifungwa au aliachiliwa, na Jumamosi tulibishana tena, watu wazima wenye watoto wa sekondari, kila mtu na hukumu yake.

Rafiki yetu Mjaluo, ambaye alikuwa kimya muda wote huo, akatuambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Shuleni tulimwita Otoyo, na lilimuuma. Alifika mahali akawa haulizi swali darasani, asije akatamka neno la Kiswahili tukacheka. Kilichomfungua ni baba yake. Siku moja mzee alikuja kumchukua, akamkuta mbele ya televisheni, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akacheka mpaka akafuta machozi. Njiani akamwambia kwamba huyo mtu anaongea sawasawa na marehemu baba yake mdogo, na kwamba alimkumbuka.

Tulimwomba radhi. Nilitaka liandikwe hapa pia, maana mimi nilikuwa kati ya waliomwita hivyo.

Nami nadhani mzee yule aliona sawa. Kati ya wahusika wengine wa Vioja, Makokha aliongea Kiswahili cha Waluhya, Masaku cha Wakamba. Kwenye lile gunia hapakuwa na mtoto ambaye hakusikia lafudhi ya nyumbani kwao ikisimama mbele ya hakimu. Na wale waigizaji walijua kazi yao. Katika Vitimbi, kipindi ndugu cha Vioja, Mzee Ojwang' aliongea kama Mjaluo wa ziwani, na Jumamosi bado kulikuwa na mtu mezani aliyeapa kwamba alikuwa Mjaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Ili umwige jirani yako hivyo kwa miaka yote ile, lazima uwe umemsikiliza kwa makini na kwa mapenzi.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi, siri ya Vioja haikuwa kizimbani. Ilikuwa kwa wale wasiocheka. Lucy Wangui kwenye kiti cha hakimu, Gibson Mbugua kama kiongozi wa mashtaka, uso mkavu, Kiswahili kimenyooka, faili mkononi. Mshtakiwa akiropoka, Mbugua anangoja, anamtazama, kisha anauliza swali lile lile tena kwa upole. Hapo ndipo mbavu zilituuma. Angetabasamu mara moja tu, kesi yote ingekuwa mzaha. Alipofariki mwaka 2021 nililia kama niliyefiwa na mwalimu.

Na alikuwa mwalimu. Mshtakiwa, dhamana, kiapo, kukata rufaa: maneno hayo niliyapata pale kwenye gunia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa shahidi kwenye kesi ya shamba. Mambo mengi yalikwenda kwa Kiingereza, mkalimani kando yangu. Nilipoulizwa nitatumia lugha gani, nikasema Kiswahili, nikashika ubao wa kizimba, na sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimeshafika mahali pale mara nyingi sana.

Stima ilirudi saa nne kasoro. Mwenye nyumba akaenda kuwasha televisheni, tukamkataza. Fundi alikuwa bado nyuma ya kiti chake, ameshtakiwa kwa wizi wa betri. Tukatafuta wa kumhoji. Rafiki yetu Mjaluo akainuka, akafunga vifungo vya koti, akachukua gazeti la juzi na kulikunja kama faili. Akamtazama mshtakiwa. Sote tukaanza kucheka, yeye hakucheka.