Nikkor 300mm ya mkono au 200-500mm ya kisasa: jicho la mdiria limekaa

Jicho limekaa kwenye fokasi. Si bega, si ncha ya mkia, ni jicho lenyewe, na ndani yake unaona nukta ya jua la asubuhi. Picha imepigwa na Nikkor 300mm f/4.5 ED, ile ya AI-S ya fokasi ya mkono, apacha (tundu la mwanga) ikiwa wazi yote. Lenzi hii nilishaanza kuitafutia mnunuzi.

Mdiria ninayemsema ni yule mweusi na mweupe anayeelea juu ya Ziwa Victoria kabla ya kujitupa majini kufuata dagaa. Hapa Mwanza humkosi penye maji. Nimemfanya kipimo cha mradi mzima, wa kulinganisha lenzi hii na Nikkor 200-500mm ya kisasa inayojifokasi yenyewe, kwa sababu anaipa lenzi ya mkono nafasi ya haki: akielea hubaki mahali pamoja kwa muda, mabawa yanapiga lakini kichwa kimetulia tuli. Ugumu wake ni kwamba jicho ni jeusi, nalo limo ndani ya utepe mweusi unaopita usoni. Fokasi ikisogea kidogo tu, jicho linamezwa na utepe na unabaki na ndege asiye na uso.

Kwenye kamera yangu, Nikon D7200, mambo yalikuwa hivi. Nukta ya kuthibitisha fokasi inawaka, ndege kwenye kitazamio anaonekana safi, nabonyeza, halafu kwenye kompyuta mkia ndio mkali. Kila mara fokasi imeangukia nyuma. Makosa yangekuwa mara mbele mara nyuma, ningesema ni mkono unatetereka. Yakienda upande mmoja tu, kuna kitu kwenye chombo. Jambo hili lilininyima usingizi, nasema kweli.

Tuweke hesabu mezani. Kwa 300mm, f/4.5, ndege akiwa umbali wa mita 10, kina cha ukali kwenye sensa ya APS-C, kama ya D7200, ni kama sentimita 20. Hiyo ni hesabu ya picha inayotazamwa ikiwa ndogo. Kuza faili ya megapikseli 24 hadi asilimia 100, na unachoweza kukiita kikali kinashuka chini ya nusu ya hapo. Mdiria mzima ana sentimita 25 hivi. Kwa hiyo kosa dogo sana linatosha kuhamisha ukali kutoka usoni hadi mgongoni.

Kipimo kilichofungua fumbo ni cha gazeti. Nililaza gazeti mshazari, kamera juu ya tripodi, nikafokasi kwa skrini ya nyuma nikiwa nimekuza hadi mwisho. Mstari niliouchagua ukatoka mkali, herufi zinasomeka mpaka kingo. Bila kugusa pete, nikarudi kwenye kitazamio: nukta imezimika, mshale unaniambia nizungushe. Lenzi ni nzima kabisa. Kamera ya kioo cha kuakisi, kama D7200, ina njia tatu za mwanga, moja ya kwenda sensa, moja ya kwenda kitazamio na moja ya kwenda kwenye vihisi vya fokasi chini ya kioo, na njia hizo zinatakiwa kuwa na urefu sawasawa. Kwenye mwili wa kamera yangu hazilingani.

Hapa ndipo lenzi ya kisasa inapopata upendeleo ambao watu hawautaji. 200-500mm f/5.6 niliyoazimwa nayo ilianza kwa kuangukia nyuma kwenye mwili huuhuu. Lakini ina chipu, kwa hiyo nikaingia kwenye menyu, nikasogeza namba ya marekebisho ya fokasi, ikanyooka. Lenzi isiyo na chipu haipati huduma hiyo. Unaweza kuiandikia urefu wa fokasi na apacha ili kamera ipime mwanga vizuri, basi. Wapo wanaobandika chipu ndogo nyuma ya lenzi. Mimi sitaki gundi karibu na kioo cha lenzi nzima namna hii.

Na 200-500 sibishani nayo panapokuwa na ndege anayepita. Keremkerem akikata hewani, au furukombe akishuka juu ya maji, ile inashika na mkono wangu haushiki. Pia 500mm ni 500mm: ukitaka kupata fremu ileile kwa kukata picha ya 300mm, unabakiwa na megapikseli 8 na kitu. Kizuia mtikisiko chake kwa spidi ya 1/2000 hakiongezi ukali wa kuonekana, ila kinatuliza kitazamio, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyokiri.

Lakini ina kilo 2.3, na ya zamani ni karibu kilo moja. Ndani ya mtumbwi tofauti hiyo unaihisi begani kabla hamjafika mbali. Tripodi mtumbwini ni mzigo wa bure. Monopodi iliyosimamishwa katikati ya miguu inatosha, kichwa chake kiwe cha kuinama mbele na nyuma tu. Vile vya duara kama mpira vinavyozunguka kila upande sivipendi kwa lenzi ndefu, vinaangusha pua ya lenzi wakati ndege ndiyo kwanza anatulia.

Mpango ulikuwa niendelee na gazeti: lenzi zote mbili, kila apacha, jedwali kamili. Nimeuacha. Rafiki alikuja na Sony a6000 yake, na nikaona jibu liko mkononi mwake. Kamera isiyo na kioo inafokasi kwa sensa ileile inayopiga picha, hakuna njia tatu za kutofautiana. Mlango wa lenzi wa Nikon F uko milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, wa Sony E uko milimita 18, kwa hiyo adapta ni bomba tupu la milimita 28.5, halina kioo cha kuharibu picha. Washa menyuni ruhusa ya kupiga bila lenzi, la sivyo shata haifyatuki.

Piking, yaani kamera kupaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi, nayo ikanipiga chenga. Rangi nyekundu iliwaka mwili mzima wa mdiria, kwa sababu kila mpaka wa manyoya meusi na meupe ni ukingo mkali hata fokasi ikiwa imepita kidogo. Kukuza picha ndani ya kitazamio hakusaidii, ndege anatoka kwenye fremu. Kilichofanya kazi ni kushusha kiwango cha piking hadi cha chini kabisa na kuacha kutazama mwili. Natazama mdomo. Nazungusha kutoka mbali kuja karibu, na mdomo unapowaka huku bawa la nyuma limezimika, nabonyeza mfululizo. Jicho liko pale. Asubuhi ya kwanza nilipata fremu kali nyingi kuliko zote nilizowahi kupata kwa D7200 na lenzi hii, na nilipiga kelele hadi mvuvi wa mtumbwi wa jirani akauliza kama nimepata sangara.

Kwa hiyo 300mm haiuzwi. Inayotafutiwa mnunuzi sasa ni D7200, na 200-500 imerudi kwa mwenyewe. Ya kwangu nitaisaka baadaye, kwa ajili ya keremkerem tu.

Mipangilio kwa atakayejaribu: 1/2000, f/4.5 jua likiwa chini, f/5.6 likipanda maana rangi ya zambarau kwenye kingo za kifua cheupe inapungua, ISO 800 kwenda juu. Pete ya fokasi usiizungushe mpaka mwisho ukidhani umefika ukomo wa mbali, lenzi hizi za ED zinapita ukomo makusudi kwa ajili ya joto. Na pakiti za silika ndani ya begi zibadilishwe mara kwa mara, fangasi ikishaingia kwenye vioo vya ndani hakuna adapta ya kuiokoa lenzi.