Mkopo wa korona nilivyouchukua na nilivyourudisha kabla ya mwaka kutimia

Saluni yangu ni chumba kimoja cha mbele katika jengo la ghorofa mbili mjini Leicester, Uingereza. Juu yangu yuko fundi cherehani na nyuma yangu liko duka la simu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 nilikuwa na viti vinne, sinki mbili za kuoshea nywele na wasusi wawili waliokuja mwisho wa wiki na kulipwa kwa kichwa. Tarehe 23 Machi 2020, Waziri Mkuu alipotangaza kwamba watu wote wabaki majumbani, nilizima taa, nikafunga maji, nikaondoka nikiamini kwamba ndani ya wiki tatu nitakuwa nimerudi. Sikurudi kufanya kazi hadi tarehe 3 Agosti.

Misaada ya serikali ilianza kutangazwa mapema, na lazima nikiri kwamba ilikuwa mingi. Hata hivyo kila msaada ulikuwa na mlango wake, na si kila mlango ulinitosha. Biashara ndogo zilizokuwa na nafuu ya kodi ya majengo ya biashara zilipewa ruzuku ya pauni 10,000, lakini kodi ya jengo letu iko kwa jina la mwenye jengo, nami ni mpangaji wa chumba tu, kwa hiyo ruzuku hiyo haikunihusu. Iliyonihusu ni ile ya waliojiajiri, iliyofunguliwa tarehe 13 Mei, ambayo ililipa asilimia 80 ya wastani wa faida ya mwezi kwa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Wastani wangu ulikuwa pauni 1,200 kwa mwezi, nikapata pauni 2,880. Fedha hiyo ilitulisha. Mume wangu ni dereva wa teksi, na katika miezi ile hapakuwa na abiria. Lakini kodi ya chumba, pauni 600 kila mwezi, ilikuwa inajikusanya huku mlango umefungwa.

Tarehe 27 Aprili, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza mkopo mpya kwa biashara ndogo, uliopewa jina la Bounce Back Loan, na maombi yakafunguliwa tarehe 4 Mei. Masharti yake yalikuwa mepesi kuliko mkopo wowote niliowahi kuusikia. Mfanyabiashara aliruhusiwa kukopa kuanzia pauni 2,000 hadi robo ya mauzo yake ya mwaka 2019, mradi asizidi pauni 50,000. Hapakuwa na malipo yoyote katika miezi kumi na miwili ya kwanza, riba ya mwaka huo ililipwa na serikali, na baada ya hapo riba ilikuwa asilimia 2.5 kwa muda wa miaka sita. Benki haikuruhusiwa kudai dhamana binafsi wala kugusa nyumba ya mkopaji au gari lake la matumizi ya kila siku. Aliyetaka kulipa mapema hakutozwa faini.

Hapa naomba nieleze jambo lililowachanganya wengi niliowafahamu. Iliposemwa kwamba serikali imeudhamini mkopo huo kwa asilimia 100, baadhi yetu tulielewa kwamba biashara ikishindwa, serikali italipa na mambo yataishia hapo. Sivyo. Dhamana ile ilikuwa ya kumlinda benki, si ya kumlinda mkopaji. Deni lilibaki kuwa la mkopaji lote, na kwa mtu kama mimi, ambaye biashara yake haikusajiliwa kama kampuni bali ni yeye mwenyewe, deni la saluni ni deni langu mimi. Nilisoma mkataba mara tatu mpaka nikalielewa hilo, na nashukuru kwamba nililielewa kabla ya kutia sahihi.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi kwangu. Mimi ni Mwislamu, na mkopo ule ulikuwa wa riba tangu maandishi yake ya kwanza, hata kama riba ya mwaka wa kwanza ililipwa na mwingine. Nilimpigia simu ustadhi wa msikiti wetu, naye hakunirahisishia. Alisema wapo wanazuoni wanaokataa kabisa kuingia katika mkataba wenye sharti la riba, na wapo wanaoruhusu kwa dharura ya kweli, na kwamba mimi ndiye ninayeijua dharura yangu. Kisha nikampigia mama yangu Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, deni ni deni hata likija limevaa kanzu. Ukilichukua, lirudishe kabla halijavua hiyo kanzu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa mpango. Niliamua kwamba nikichukua mkopo ule nitauchukua kama amana ya miezi kumi na miwili, nirudishe senti zote kabla ya mwaka kutimia, ili riba isije ikatoka mfukoni mwangu hata siku moja. Sisemi kwamba uamuzi huo uliondoa shaka yote moyoni, kwa sababu haukuiondoa. Lakini ulinipa tarehe, na mtu mwenye tarehe hupanga.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei nilikaa mezani na daftari langu la mapato. Ni daftari la kawaida, jalada lake gumu limelainika kwa mafuta ya nywele, na kurasa za Desemba zimegandana kwa sababu niliwahi kulimwagia jeli. Kila siku ya kazi ina mstari wake: jina la mteja, aina ya msuko, kiasi alicholipa. Nilijumlisha mwaka mzima wa 2019 mwezi baada ya mwezi kwa kikokotoo cha simu, nikalinganisha na makadirio niliyokuwa nimeyapeleka kwa mamlaka ya mapato, nikapata pauni 32,000. Robo yake ni pauni 8,000. Hicho ndicho kilikuwa kikomo changu.

Siku zile palikuwa na kijana aliyekuwa akiwajazia watu fomu kwa ada. Aliposikia hesabu yangu aliniambia, "Dada, andika pauni 90,000, hakuna anayeangalia." Na kwa kweli hapakuwa na aliyeangalia kwa makini wakati ule. Fomu ilikuwa fupi mno na benki ilikubali kauli ya mwombaji kuhusu mauzo yake mwenyewe. Nililikataa shauri lake, na ninaona uchungu nikikumbuka waliolikubali, kwa sababu serikali ilikuja kuwafuatilia watu waliotaja mauzo ya uongo, na kauli ya uongo katika fomu ile ilikuwa kosa la jinai. Ninaamini pia kwamba waliovimbisha hesabu zao walituharibia jina sisi tulioomba kwa haki. Mpango mzima ulikopesha kiasi cha pauni bilioni 47 kwa biashara zaidi ya milioni moja na nusu, na hadi leo ukiutaja, jambo la kwanza watu wanalolikumbuka ni wizi.

Sikuomba pauni 8,000. Niliomba 6,000, kwa sababu nilijiuliza swali moja tu: katika miezi ambayo huenda nitafanya kazi, ninaweza kurudisha kiasi gani? Benki yangu ilinichelewesha kwa sababu nilikuwa nikitumia akaunti ya kawaida kwa mambo ya biashara, nayo ikataka kwanza nifungue akaunti ya biashara. Hilo peke yake lilichukua wiki tatu, za kupakia picha za pasipoti zilizokataliwa na za kusubiri simu ambazo hazikupigwa. Fedha iliingia Alhamisi, tarehe 11 Juni 2020. Niliandika tarehe hiyo katika daftari kwa kalamu nyekundu, na chini yake nikaandika tarehe 10 Juni 2021.

Matumizi yake yalikuwa haya. Pauni 2,400 zilikwenda kwenye kodi ya chumba ya Aprili hadi Julai. Pauni 480 zilinunua vizuizi vya plastiki kati ya viti, ngao za uso, aproni za kutupwa, taulo za ziada na dawa za kutakasia vifaa, kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kumgusa mteja bila ngao. Pauni 520 zilinunua nywele za kusukia, mafuta na dawa za nywele, na pauni 300 zilikwenda kwenye bima na umeme. Jumla ni pauni 3,700. Pauni 2,300 zilizobaki nilizihamishia katika akaunti ya pembeni isiyo na kadi, ili mkono wangu usizifikie kwa urahisi.

Tulikuwa tumejiandaa kufungua tarehe 4 Julai pamoja na saluni nyingine zote za England. Siku chache kabla, tarehe 29 Juni, ikatangazwa kwamba Leicester pekee itabaki imefungwa kwa sababu maambukizi yalikuwa yamezidi. Nilikuwa nimekwisha kuwaandikia wateja kuwapa zamu, nikalazimika kumwandikia kila mmoja tena kumwomba radhi. Maili chache nje ya mpaka uliochorwa watu walikuwa wanakata nywele. Katika mwezi ule nilielewa kwa nini ilikuwa busara kutokopa hadi kikomo, kwa sababu kila wiki ya kufungwa ilikuwa inakula sehemu ya mwaka wangu.

Mwezi huohuo wa Julai upatu wetu ulianza upya. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wengi wetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, na kila mmoja alitoa pauni 100 kwa mwezi. Kwa kawaida kila mtu hugombea zamu za mwanzo. Mimi niliomba zamu ya kumi na mbili, ya Juni 2021, na dada anayeshika fedha alinishangaa sana mpaka nilipomweleza sababu. Akaniandika wa mwisho, akasema, "Basi dada yangu, zamu hiyo tumekuwekea wewe, hatumpi mwingine."

Kazi iliporudi mwezi wa Agosti haikuwa ile ya zamani. Viti vinne vilikuwa viwili ili kuacha nafasi, na msuko wa rasta ndogo huchukua saa tano au sita, kwa hiyo kwa siku niliweza kuhudumia wateja wawili au watatu tu. Hata hivyo, Agosti, Septemba na Oktoba niliweka pembeni pauni 500 kila mwezi kabla ya kununua kitu chochote. Tulifungwa tena tarehe 5 Novemba, tukafungua Desemba, mwezi ambao kila mtu alitaka kusuka, nikaweka pauni 600. Kisha ukaja mwaka mpya na kufungwa kwa mara ya tatu, kulikoendelea hadi tarehe 12 Aprili 2021.

Miezi ile ya baridi ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Nilikwenda kwa mwenye jengo nikiwa na daftari langu, nikamfungulia kurasa tupu, nikamwomba anipunguzie kodi. Alikubali kuchukua nusu kwa miezi minne ya kufungwa, yaani Novemba, Januari, Februari na Machi. Nusu hizo, pauni 1,200 kwa jumla, zilitoka katika akaunti ya pembeni, nayo ikabaki na pauni 3,200. Nyumbani tuliishi kwa ruzuku za waliojiajiri zilizoendelea kutolewa, na kwa safari chache za teksi.

Kabla mwaka haujatimia benki iliniandikia barua nzuri sana kuhusu mpango ulioitwa Pay As You Grow. Ningeweza kuurefusha mkopo kutoka miaka sita hadi kumi, au kulipa riba tu kwa miezi sita, au kusimamisha malipo yote kwa miezi sita. Kwa aliyebanwa ulikuwa msaada wa kweli, na najua familia zilizookolewa nao. Mimi niliikunja barua ile nikaiweka ndani ya daftari bila kuijibu, kwa sababu mlango ambao ningeufungua pale ulikuwa ndio ule niliokuwa nimejiapiza kutoupita.

Kuanzia tarehe 12 Aprili nilifanya kazi siku sita kwa wiki. Wateja walikuja na nywele zilizokaa miezi mitatu na zaidi bila mkono wa msusi, na wengine walikuja na shukrani zilizonitoa machozi. Hadi mwisho wa Mei nilikuwa nimeongeza pauni 1,600. Tarehe 1 Juni upatu ukanifikia, pauni 1,200 zote, na akaunti ya pembeni ikasoma 6,000.

Ijumaa ya tarehe 4 Juni 2021, baada ya mume wangu kurudi kutoka msikitini, niliipigia benki, kwa sababu programu yake ya simu haikuwa na sehemu ya kulipa mkopo wote kwa mara moja. Nilisubiri kwenye laini karibu saa nzima. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nina hakika, akinikumbusha kwamba sidaiwi chochote kwa sasa. Nikamjibu kwamba nina hakika. Akanitajia kiasi cha kufunga deni: pauni 6,000 kamili, bila senti ya riba. Nilimwomba anitumie uthibitisho kwa maandishi. Nilipokata simu nilimpigia mama.

Barua ya benki ilifika wiki iliyofuata. Niliibandika katika daftari, kwenye ukurasa wenye ile tarehe ya wino mwekundu. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Jumamosi: vichwa vitatu, pauni 210.